Hiyo antivirusi ndiyo kirusi chenyewe

Ndugu, programu unayosema imejitokeza yenyewe, ikakuta virusi 300 kwa sekunde chache na sasa inataka ulipie, ndiyo kirusi chenyewe. Usiipe namba ya kadi. Kama umeshaipa, piga simu benki kwanza, kompyuta itasubiri.

Zima intaneti. Kwenye Windows 10 au 11, shikilia Shift huku ukibofya Restart, ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, kisha Restart, halafu bonyeza 4. Hapo Windows inawaka na vitu vya lazima tu, na mara nyingi mdudu huyo anabaki amelala.

Kwa kompyuta nyingine iliyo safi, pakua Microsoft Safety Scanner, programu ya Microsoft ya kutafuta na kuondoa virusi, iweke kwenye flashi, kisha ichomeke kwenye kompyuta yenye kirusi ufanye skani kamili. Haihitaji kusakinishwa, ila inaisha muda siku 10 baada ya kuipakua, kwa hiyo ile ya zamani uliyohifadhi haifai. Skani inaweza kula saa kadhaa. We nenda kalale.

Intaneti ikigoma baadaye, angalia mipangilio ya proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo intaneti yako hupitishwa. Wadudu hawa hupenda kuacha proksi yao humo. Izime. Nywila badilisha ukiwa kwenye kifaa kingine.