Ubunifu huongoza mwenendo wa wageni

Umeuliza kama utulivu wa wageni kwenye kumbukumbu za vita hutokana na malezi yao au na ubunifu wa mahali penyewe. Naamini ubunifu una nguvu zaidi. Ukuta wa Vita vya Vietnam mjini Washington, uliobuniwa na Maya Lin na kuzinduliwa mwaka 1982, una majina zaidi ya 58,000 yaliyochongwa kwenye graniti nyeusi inayong'aa, hivyo mgeni huuona uso wake katikati ya majina, huyagusa, na wengine huyanakili kwa penseli. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, imeundwa vizuri mno, lakini imezungukwa na magari na haina orodha ya askari na wapagazi waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jambo linaloniuma sana.