Mseto, Flagyl na dawa ya mapigo ya moyo

SWALI: Mama yangu, miaka 67, anameza amiodaroni miligramu 200 kila siku pamoja na wafarini ya kuzuia damu kuganda kwa sababu moyo wake unapiga bila mpangilio. Juzi alipata homa, duka la dawa wakampa mseto na azithromisini bila kumpima. Bado hajaanza. Je, aache amiodaroni kwanza siku tatu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Asiache, na hizo nyingine asizianze. Amiodaroni hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili na kutoka taratibu mno. Hata aliyeiacha mwezi uliopita bado anayo na lazima amtajie daktari.

Amiodaroni, lumefantrini iliyomo kwenye mseto, na azithromisini zote hurefusha muda ambao moyo hujitayarisha kwa pigo linalofuata (QT kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo). Muda huo ukizidi, moyo unaweza kwenda mbio kwa vurugu, mtu akazimia au akafa ghafla. Kwinini nayo imo kundi hilohilo, kwa hiyo kubadilisha kienyeji si suluhisho.

Mpeleke leo apimwe mRDT, kipimo cha haraka cha malaria. Hana malaria? Mseto haumhusu, itafutwe sababu nyingine ya homa. Anayo? Atibiwe siku hiyohiyo, maana malaria nayo haingoji, lakini kwenye hospitali yenye ECG, potasiamu yake (chumvi ya damu) ipimwe na daktari ndiye achague dawa. Akizimia njiani, hiyo ni dharura.

Sasa wafarini. Amiodaroni huzuia ini kuivunja, ndiyo maana daktari kwa kawaida hupunguza dozi ya wafarini kwa thuluthi moja hadi nusu. Nguvu hiyo hupanda polepole kwa wiki kadhaa, hivyo INR (kipimo cha damu kuchelewa kuganda) nzuri ya wiki ya pili isiwadanganye. Mwanzoni ipimwe kila wiki. Wengi hulengwa kati ya 2 na 3. Kinachotutia hofu zaidi ni Flagyl ya tumbo na Septrin ya kikohozi zinazonunuliwa bila cheti: zote mbili hupandisha INR ndani ya siku chache. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoa damu tumboni hata INR ikiwa sawa. Maumivu yakimzidi, parasetamoli kwa siku chache. Juisi ya balungi aiache.

SWALI: Babu anatumia digoksini ya moyo na Lasix ya kukojosha. Ameharisha siku nne, hataki kula, na anasema kila kitu anakiona cha manjano. Ni uzee?
Mjukuu, Morogoro

JIBU: Si uzee. Hizo ni dalili za digoksini kuzidi mwilini. Lasix na kuharisha vimemmaliza potasiamu, na ikipungua, dozi ileile ya digoksini humkaba moyo zaidi. Upungufu wa maji nao huzifanya figo zishindwe kuitoa. Msimpe kidonge kinachofuata. Mpelekeni hospitali leo na pakiti zote za dawa, apimwe potasiamu, kreatinini (ya figo) na ECG. Na kama kuna aliyemwongezea amiodaroni karibuni, mseme mapema: digoksini huwa inapunguzwa hadi nusu pale hizo mbili zinapokutana.