Kabla hujaizima seva ya ofisi

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kompyuta maofisini hapa Arusha, siku moja bosi atakuita akwambie, "Tunahamia kwenye wingu." Maana yake mafaili na programu zitoke kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, zikae kwenye kompyuta za kampuni nyingine, nyinyi mzifikie kwa intaneti. Muuzaji ameshampitia na bei ameshaipenda. Usikimbilie kufungua akaunti. Vuta kiti ukae na wanaoutumia mfumo wa zamani.

Mimi hilo nililijua kwa kuumia. Lilikuwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, eneo la Unga Limited hapa Arusha, lenye tawi Moshi. Seva ilikaa chini ya ngazi, feni ya mezani ikiipulizia usiku na mchana, na kila umeme ukikatika UPS, lile betri la kushikilia umeme, inalia kama kifaranga. Nikahamisha kila kitu mwisho wa wiki: wateja, stoku, madeni. Nikalala usingizi mzuri.

Jumatatu asubuhi fundi mmoja yuko kaunta anaapa ameshalipa, mfumo mpya unasema anadaiwa laki tisa. Mama mhasibu akavuta droo, akatoa kaunta buku lenye jalada lililochanika. "Mwanangu, hesabu zenyewe ziko huku. Kwenye kompyuta naingiza nikipata nafasi." Malipo ya simu ya wiki sita yalikuwa humo, kwa kalamu nyekundu. Na huyo fundi kwenye mfumo alikuwa watu watatu: Baba Neema, Baba Neema Sakina, na Fundi Sakina. Nilikuwa nimehamisha takataka kwa uangalifu mkubwa.

Tulirudi nyuma. Wiki mbili nzima tulikuwa tunaunganisha majina, tunahesabu mifuko ya saruji ghalani na kulinganisha salio moja moja. Kazi ya kuhamia ni hiyo. Kupakia mafaili ni mchana mmoja.

Kuhusu pesa, mweleze bosi mapema. Programu ya zamani aliinunua mara moja akasahau. Hii ya wingu ni kama kodi ya pango, kila mwezi, mara nyingi kwa dola. Tuseme dola 12 kwa mtumiaji: watu 15 ni dola 2,160 kwa mwaka, na shilingi ikishuka bili inapanda bila mtu kugusa kitu. Aliyeacha kazi, funga akaunti yake siku hiyo hiyo. Nimeshakuta ofisi inamlipia kijana aliyehamia Dodoma mwaka mzima uliopita.

Akaunti kuu iwe kwa barua pepe ya kampuni. Isiwe yako, wala ya fundi aliyekuja kufunga. Hapo siongezi neno.

Wingu nalo lina anwani. Microsoft walifungua vituo vyao Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafuata Cape Town mwaka 2020. Wengine seva zao ziko Ulaya au Marekani. Maana yake namba za simu za wateja wako zinavuka mpaka, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti juu ya hilo. Muulize muuzaji data inakaa wapi, na siku mkiachana utaichukuaje. Akianza kuzungukazunguka, funga mazungumzo.

Seva ya zamani iache, ila watu waisome tu bila kuandika. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa zikae angalau miaka mitano, kwa hiyo toa nakala na uijaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine. Bakapu ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

Halafu mtandao. Tuliweka laini mbili za kampuni tofauti, nikajiona mjanja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zikakatika, intaneti ikasuasua nchi nzima, na laini zangu zote mbili zikawa mapambo. Foleni ya mafundi ilifika barabarani. Mama mhasibu hakuniuliza kitu. Alivuta droo, akafungua ukurasa mpya wa kaunta buku, akaandika tarehe na kuanza kuuza. Mtandao ulipokaa sawa tukakaa wawili mezani kwake, mimi nasoma, yeye anaingiza, kurasa kumi na moja, huku ile feni ya seva sasa ikitupulizia sisi.