Swali kwa fundi: Mvua haipo, mbona gambuti zimejaa maji?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni kijana wa Kapchorwa, huku Uganda kwenye miteremko ya Mlima Elgon, napeleka maziwa kwa baiskeli kila alfajiri, jerikeni mbili kwenye keria. Navaa gambuti, ila nikifika kwa mnunuzi soksi zimelowa chapachapa na vidole vimekufa ganzi. Kinachonishangaza ni kwamba asubuhi nyingi hata hainyeshi. Mvua hupiga mchana na jioni. Madigadi ya mbele niliing'oa kwa sababu ya tope. Kwenye mteremko breki hazinitoshi, kwa hiyo nasaidia kwa mguu. Ninunue buti gani?

JIBU: Usinunue buti yoyote kwanza. Pesa hiyo ikae mfukoni mpaka tujue maji yanaingilia wapi, na nusu ya jibu umeshanipa mwenyewe: mvua hakuna, na madigadi ya mbele hakuna.

Tairi la mbele likipita kwenye lami iliyolowa huokota maji na kuyarusha nyuma yake, kutoka chini kwenda juu. Kilichopo hapo nyuma ni miguu yako kwenye pedeli. Ukiongeza mwendo, maji yanarushwa kwa nguvu zaidi, na huko kwenu kila safari ina mteremko wake. Yanapiga muundi, suruali inayanyonya, na kama umechomeka suruali ndani ya gambuti, kama wanavyofanya karibu wateja wangu wote, kitambaa kinayashusha taratibu hadi kwenye soksi. Gambuti yenyewe haijavuja. Imejazwa kutoka juu, na yakishaingia hayana pa kutokea.

Kesho ukifika, kabla hujavua, jikague. Tope likiwa limetapakaa mbele ya muundi na juu ya vidole, mkosaji ni tairi. Suruali ikiwa kavu mpaka chini lakini soksi imelowa, hilo ni jasho lako, maana mpira hauachi jasho litoke. Soksi ikilowa sehemu moja tu, karibu na soli, gambuti imetoboka: ijaze maji uitundike, utaona panapotoa tone. Nadhani kwako ni tairi na jasho kwa pamoja, tairi likiongoza.

Basi tuanze na madigadi. Najua kwa nini uliing'oa. Udongo wa Elgon ukilowa hushika kama gundi, unajaa kati ya tairi na bati mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Dawa yake ni kuinua madigadi mpaka vidole viwili vipite bila kugusa tairi. Fundi yeyote atakurefushia vishikio vyake kwa vipande vya bati. Ukifika mahali pa tope zito, simama ulisukumie nje na kijiti. Ni kero, lakini ni kero ya dakika moja.

Hata hivyo, madigadi ile inayokuja na baiskeli mpya haitoshi, kwa sababu inaishia juu mno. Maji yanayolowesha miguu hupita chini yake. Hapo ndipo unapohitaji kipande cha mpira cha kuning'inia. Tafuta tyubu kuukuu ya lori, kata kipande chenye upana wa kiganja kilichotandazwa, kipanuke kidogo kuelekea chini, kisha toboa matundu mawili kwa msumari wa moto na ukifunge kwenye ncha ya madigadi kwa boliti na washa pana. Ncha ya chini ibaki kama sentimita 6 au 7 kutoka ardhini. Wengine hukata plastiki ya jerikeni. Inazuia maji vizuri, lakini ikigonga jiwe inapasuka. Mpira unakunjika na kurudi. Usiuache mwembamba mno, la sivyo upepo utaupeperusha na maji yatapita pembeni. Kazi hii nzima inagharimu kidogo kuliko jozi ya gambuti, na kwa maoni yangu ndiyo inayofanya tofauti kubwa kuliko kiatu chochote.

Suruali itoke nje ya gambuti. Ikae juu yake, ifungwe kwa kamba ya mpira pale kwenye kifundo cha mguu ili isinaswe na cheni, ili maji yateremke nje kama kwenye paa la bati. Ukipata suruali ya mvua ya plastiki, bora zaidi, kwa sababu inafunika pia magoti na muundi, na baridi ya vidole mara nyingi huanzia huko. Mwili ukihisi baridi hupunguza damu inayokwenda mikononi na miguuni ili kulinda sehemu za ndani. Hapa Mbale tuko kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Ninyi Kapchorwa mko karibu na mita 1,900. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo alfajiri yenu imetutangulia kwa baridi kabla hata hujahesabu upepo wa mteremko. Tena kwenye mteremko hukanyagi, miguu imetulia tu, haitengenezi joto. Geuza pedeli polepole hata kama cheni haivuti, na chezesha vidole ndani ya kiatu.

Ila vidole vitachezaje kama vimebanwa? Watu huvaa soksi tatu ndani ya gambuti ya kawaida, wakidhani wanaongeza joto. Soksi zikijaa kiatu, hewa haina nafasi na damu haipiti vizuri. Mguu unapoa haraka kuliko ungevaa soksi moja. Chukua gambuti inayozidi namba yako kwa moja, weka soli ya ndani uliyoikata kutoka kwenye mkeka wa yoga wa mitumba au sponji ngumu, kisha soksi moja nene.

Soksi gani? Si ya pamba. Pamba hunywa maji na kuyashika, na maji huondoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Sufu ndiyo bora, huendelea kutunza joto hata ikiwa na unyevu. Ukiikosa, nailoni au poliesta nene kama za wacheza mpira, kwa kuwa hukauka upesi. Kwenye mitumba hakuna lebo ya kuaminika, basi vuta uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, sufu hunuka kama nywele zilizoungua, nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Kwa asubuhi mbaya kabisa kuna mbinu ya bei nafuu: vaa soksi nyembamba, juu yake mfuko wa plastiki wa mkate, halafu soksi nene, halafu kiatu. Mfuko huo unazuia maji na upepo. Jasho litabaki ndani, hilo halikwepeki, ila litakuwa jasho la uvuguvugu. Mbinu hii inafaa kwa safari ya saa moja hivi. Usishinde nayo.

Ukifika, vua vyote na uvae soksi kavu uliyoifunga kwenye mfuko kavu. Osha tope kwa sabuni na ukaushe katikati ya vidole, kuna fangasi hapo. Udongo wa volkano wa milima kama Elgon pia huhusishwa na ugonjwa wa kuvimba miguu kwa watu wanaoukanyaga peku miaka mingi, kwa hiyo usiuache ukaukie kwenye ngozi. Mguu ulioganda usiuweke kwenye moto wa sigiri: ganzi haikuambii kwamba unaungua. Ukiona ngozi imebaki nyeupe na ganzi haiishi hata baada ya kupata joto, hilo si la fundi tena, nenda kituo cha afya. Gambuti nazo zisikae karibu na sigiri, mpira hupasuka na gundi huachia. Zijaze magazeti yaliyokunjwa, ubadilishe yakishalowa.

Kwa wasomaji wa tambarare, Soroti au Tororo, sitawasumbua na haya yote. Huko mvua ina joto. Vaeni lugabire, yaani ndala za matairi, mlowe, mkauke.

Sasa breki. Kuweka soli kwenye tairi kunakulowesha, kunamaliza gambuti, na siku moja mguu utanaswa kati ya tairi na foki ukiwa na maziwa mgongoni pa baiskeli. Rimu za chuma zikilowa hazishiki vizuri, hilo ni kweli kwa baiskeli zote zenye rimu hizo. Shika breki kidogo mapema, mita nyingi kabla ya kona, ili mpira wa breki ufute maji kwanza, ndipo ubane kwa nguvu. Angalia pia kama mipira yenyewe imekuwa migumu na kung'aa: ikwangue kwa msasa, na kama imebaki nyembamba, badilisha yote minne kwa pamoja.