Jibu: Mdogo wako karudi toka China, chakula cha nyumbani hakimpandi
Salaam ndugu. Umesema mdogo wako, aliyesoma Chengdu, anausukuma ugali na kuacha chai nusu kikombe. Hayo si maringo.

Anza na saa. Kantini za vyuo kule hupakua chakula cha jioni tangu saa 11. Ninyi mnakula saa 3 usiku, njaa yake imeshapita. Mbakizieni cha mchana.

Chai yao haina sukari, kwa hiyo vijiko vitatu vinamchefua. Sukari muwekee pembeni, aongeze mwenyewe.

Chengdu wanapikia pilipili kavu na ile inayotia ganzi mdomoni, ndiyo maana mchicha wenu anauona umepooza. Mpeni kachumbari yenye pilipili mbuzi. Akipungua uzito, hospitali kwanza.