Aliyegundua miezi ya Mirihi ni Hall, si Schiaparelli
Miezi miwili ya sayari ya Mirihi aliigundua mwanaastronomia Mmarekani Asaph Hall, Washington, Agosti 1877: Deimos tarehe 12, Phobos tarehe 18. Ukikuta 11 na 17 usishangae, wanaastronomia wa enzi hizo walianza kuhesabu siku saa sita mchana, hivyo saa za baada ya usiku wa manane zilihesabiwa bado za tarehe iliyotangulia. Schiaparelli, mwanaastronomia Mwitaliano, mwaka huohuo alikuwa Milan akichora “mifereji”, yaani mistari aliyodhani anaiona juu ya Mirihi.

Lenzi ya darubini ya Hall ilikuwa ya upana wa inchi 26, ila ukubwa pekee hautoshi, mng'ao wa sayari huimeza miezi hiyo. Alisogeza darubini kidogo hadi Mirihi ikatoka nje ya duara la kutazamia, ndipo akachungulia pembeni yake. Phobos humaliza mzunguko kwa saa 7 na dakika 39, basi usiku uleule ulijitokeza pande zote mbili za Mirihi; mwanzoni alidhani ni miezi miwili au mitatu.