Barua ya Mapendekezo: Mwache Mheshimiwa na Siasa Zake

Msomaji wa Kisauni ameuliza: mjomba wake anajuana na mheshimiwa fulani, je, amwombe barua ya mapendekezo ya chuo cha Marekani? Hapana. Swali hili haliishi, na sababu yake naijua. Hapa Mombasa karatasi yenye nembo na muhuri hufungua milango ya ofisi. Anayesoma maombi kule hamjui mheshimiwa wako wala hamwogopi. Anamtaka mtu aliyekuona ukifanya kazi.

Mheshimiwa ataandika, "Namfahamu kijana huyu, ana nidhamu na anatoka familia ya heshima." Toa jina lako, weka la jirani, barua ni ile ile. Mwalimu wako wa fizikia wa kidato cha tatu anaweza kuandika kwamba jaribio la pendulamu lilipokupa jibu la ajabu, ulibaki maabara baada ya kengele, ukapima uzi upya, ukagundua kwamba hukufikisha kipimo katikati ya gololi. Hiyo ndiyo barua. Kwa hiyo usikimbilie tu somo ulilopata A bila jasho. Mwalimu aliyekuona ukikwama ukajikwamua ana mengi zaidi ya kusema.

Kwanza soma chuo kinataka nini. Ukienda chuo cha umma cha Kenya kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, huhitaji barua hata moja. Marekani, vyuo vingi vinavyochuja sana huomba walimu wawili pamoja na ripoti ya shule, ambayo kwetu huishia mezani kwa mwalimu wa ushauri nasaha au naibu mwalimu mkuu. MIT, chuo cha teknolojia cha huko huko Marekani, inataka mmoja wa hisabati au sayansi na mmoja wa lugha au masomo ya jamii, basi mwalimu wa Kiswahili usimdharau. Uingereza kupitia UCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi ya vyuo, ni rejeleo moja tu, yaani barua moja ya mapendekezo, na jamaa au rafiki haruhusiwi kuliandika. Huyo mjomba naye akae kando.

Sasa muda, maana hapa ndipo wengi huzama. Maombi ya mapema ya Marekani mara nyingi hufungwa tarehe 1 Novemba. Mwezi huo huo mwalimu wako anasimamia KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, kisha huenda akasafiri kusahihisha. Mwombe muhula wa pili, Juni au Julai, kabla shule hazijafungwa Agosti. Mwendee ana kwa ana, usimtumie ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku: "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza kama utaweza kuniandikia barua ya nguvu." Neno "ya nguvu" linampa nafasi ya kujitoa. Mwalimu wa kwetu hatakwambia hapana. Atasema "tutaona, inshallah" huku akipanga vitabu. Shukuru, tafuta mwingine.

Akikubali, mpe ukurasa mmoja: vyuo na tarehe zake, unachotaka kusomea, na mambo matatu yaliyotokea darasani mwake anayoweza kuyakumbuka. Usimpe wasifu wa kurasa nne wenye vyeti vya mashindano ya insha.

Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa fomu moja, utakuuliza kama unaachilia haki ya kuisoma barua hiyo, haki inayotokana na sheria ya Marekani ya 1974 iitwayo FERPA. Iachilie. Barua ambayo mwanafunzi hawezi kuisoma huaminika zaidi. Kisha mfumo humtumia mwalimu mwaliko kwa barua pepe, na hapo kuna shimo: anwani uliyoandika ni ile aliyofungua zamani na nenosiri amelisahau. Muulize ni ipi anayoifungua kwenye simu yake. Siku ukituma mwaliko, mwambie aangalie hadi folda ya taka.

Kuna mwalimu atakayekwambia, "Andika wewe, mimi nitatia sahihi." Ana madarasa matano, si uvivu. Hata hivyo usiandike. Barua hiyo itafanana na insha yako ya maombi neno kwa neno, na msomaji aliyepitia mamia ya faili ataona mkono ni mmoja. Mrudishie ule ukurasa wako, mwombe aya mbili tu kuhusu tukio moja. Akishikilia msimamo wake, nenda kwa mwalimu wa pili kwenye orodha yako, na ndiyo maana orodha huwa na majina manne, si mawili.